Gari la Mchangani Juu ya Saruji



Wasomaji wetu watatustahamilia. Ukurasa huu wameuzoea kwa habari za ndoa, mirathi na malezi, na mara ya mwisho tuliahidi kuendelea na mlango wa eda. Mlango huo utangoja kidogo. Tumerudi kutoka Takaba, na tumerudi na kisa cha gari la kuchezea, kisa kilichotushughulisha njia nzima, kutoka Wajir hadi Garissa, na kutoka Garissa tukishuka kuufuata Mto Tana hadi pwani.

Binti yetu wa pili ameolewa Takaba, yapata miaka 12 sasa. Mji huo ndio makao makuu ya Mandera Magharibi. Ni mji wa ngamia na mbuzi, wa ardhi nyekundu na miti ya migunga, na sokoni mwake utasikia Kigarre, Kiborana na Kisomali kabla hujasikia Kiswahili. Wajukuu wetu hutuita Awoowe, yaani babu. Mkwe wetu yuko Sharjah, fundi wa gereji, na huja nyumbani kila baada ya miaka miwili. Yeye ni mtu mwema na matumizi ya nyumba hayachelewi. Lakini mtoto wake wa kwanza wa kiume ana miaka 10, na katika miaka hiyo 10, ukihesabu likizo zote, hawajakaa pamoja hata mwaka mmoja mzima.

Mwezi wa Rajab, tulipokuwa huko, msafiri mmoja alileta boksi kutoka kwa mkwe wetu. Ndani yake mlikuwa na gari la rimoti, si lile la plastiki jepesi linalouzwa barazani siku ya Idi, bali bagi hasa, la kipimo cha moja kwa kumi cha gari la kweli. Matairi yake ya nyuma ni mapana na yamejaa vijino vya mpira, miguu yake ni mirefu, tumbo lake liko juu ya ardhi, na kila gurudumu lina springi yake iliyozungushiwa kimtungi cha mafuta. Wajapani wa kampuni ya Tamiya ni miongoni mwa waliovieneza vigari vya namna hii. Mwaka 1979 walitoa viwili, Rough Rider na Sand Scorcher, kwa mfano wa magari yanayokimbizwa katika majangwa ya Baja huko Meksiko. Kwa hiyo hili ni gari la mchanga kwa asili yake, na mchanga ndiyo mali ya kwanza ya Takaba.

Pamoja na hayo, mjukuu wetu hakutaka mchanga. Alilijaribu siku moja nyuma ya nyumba, mwiba wa mgunga ukaingia tairini, vumbi likajaa kwenye giya, na hapakuwa na mtu wa kumtazama ila mbuzi. Siku ya pili akalibeba hadi uwanja wa madrasa. Uwanja ule umemiminwa saruji na kupigwa pasi hadi ukalainika, una ukuta pande zote, na alasiri watoto huwa wamejaa. Alikuja kutuomba ruhusa, kwani tulikuwa tumepewa darasa la kuwasomesha kwa muda ule tuliokuwa wageni. Tukaona ndani ya ukuta ni salama kuliko barabarani penye pikipiki. Tukamruhusu, na tukakaa chini ya kivuli tutazame.

Gari liliruka kama swala. Lilimaliza urefu wa uwanja kabla hatujasema subhanallah, mtoto akakata usukani, na gari likaruka juu, likazunguka mara tatu hewani na kutua kwa mgongo. Watoto wakapiga kelele za furaha. Likawekwa sawa, likaenda, likapinduka tena. Katika robo saa tulihesabu mapinduko 14. Moja lilimgonga msichana mdogo kwenye kifundo cha mguu akachubuka, na hapo tukainuka na kuchora mstari wa chaki ambao watazamaji hawatauvuka. Hilo pekee ndilo tulilolifanya vyema siku ile.

Jioni binti yetu aliyakagua matairi. Vijino vya nyuma, vilivyokuwa virefu kama punje za mchele asubuhi, vilikuwa vimeliwa nusu. Akasema, "Baba, hili limetengenezwa kwa mchanga. Mbona mnaliua kwenye saruji?" Hatukuwa na jawabu. Mtoto naye hakuwa na jawabu ila machozi, kwani gari lilikuwa la siku mbili tu. Basi usiku ule mama yake akampigia baba yake simu ya picha.

Wasomaji ambao waume zao wako Ghuba wanazijua simu hizi. Salamu, umesoma, umekula, mpe mama. Mtoto husimama mbele ya kioo kama aliyeitwa na mwalimu mkuu, na baada ya dakika mbili hana la kusema. Tulikuwa tumeziona simu hizo nyumbani mle mara nyingi, na tulikuwa tukiona uchungu kwa niaba ya wote wawili. Usiku ule baba aliuliza, "Limepinduka vipi? Upande gani?" Mtoto akaeleza. Baba akasema, "Lete karibu nilione." Simu ile ilichukua muda wa saa nzima.

Alilolieleza fundi yule tutalisema kwa ufupi, maana wako wazazi huku pwani wenye watoto wenye magari kama haya, nao huyapeleka kwenye kabro za Mama Ngina au kwenye lami ya mtaani na kuyaona yakifa. Mchangani, gurudumu huteleza kidogo kila gari linapokata kona, na kule kuteleza ndiko kunakoliokoa. Nguvu inayotaka kulipindua hupotelea katika vumbi. Kwenye saruji tairi halitelezi. Mpira wake ni laini, hung'ang'ania sakafu kama kucha, na kwa kuwa mwili uko juu na miguu ni mirefu, mwili huendelea mbele ilhali magurudumu yameshika. Hapo halina budi kupinduka. Yale meno nayo yalikusudiwa kuchimba. Yasipopata cha kuchimba hupinda, hupata moto, na huliwa kama kifutio cha penseli.

Akamwamuru mtoto alete bisbisi. Kila springi ilikuwa na vipete vya plastiki vinavyoisukuma. Akamwambia atoe viwili kila upande ili tumbo lishuke. Kwenye rimoti kuna kidude kidogo cha kuzungusha kinachopunguza mkato wa usukani. Akamwambia akipunguze hadi nusu, ajifunze kukata kona kwa upana na kuachia mafuta kabla ya kona, si ndani yake. Kisha akasema jambo lililotustaajabisha: anunue supaglu dukani, aipake nyembamba kwenye ubavu wa nje wa kila tairi, iachwe ikauke, ili gari likiinama ubavu ule mgumu uteleze badala ya kung'ata. Kumbe ndivyo wafanyavyo hata washindani wakubwa wanaokimbiza bagi zao juu ya mazulia huko Ulaya. Mtoto akauliza kama springi zingekuwa nzito zaidi akiongeza mafuta mazito kwenye vimtungi, na hapo tukagundua kwamba chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa imekwisha kutolewa jikoni. Baba yake akacheka mpaka akashika tumbo. Yale, akasema, ni mafuta ya silikoni. Ya kupikia au ya injini yataharibu mipira ya ndani. Binti yetu akairudisha chupa yake bila ya kucheka.

Na akina mama tunawaomba walishike hili kuliko yote yaliyotangulia. Betri za magari haya, zile bapa za lithiamu, si kama za tochi. Kila seli yake hujaa kwenye volti 4.2 na haitakiwi kushushwa chini ya 3. Ikivimba, isichajiwe tena. Ichajiwe kwa chaja yake, mchana, mtu akiwapo, juu ya sakafu tupu au ndani ya sufuria isiyotumika, mbali na kitanda na pazia. Ikitobolewa hushika moto, na moto wake ni mkali. Baba yule aliyarudia maneno haya mara tatu, na safari ya tatu alikuwa akizungumza nasi.

Kwa wiki mbili tukawa na gari jingine kabisa. Lilikwenda chini, limetulia, likikata kona kwa upana mzuri, na kila usiku palikuwa na ripoti ya kupelekwa Sharjah: leo limepinduka mara tatu, leo mara moja, leo mota ilipata moto hata haishikiki kwa kidole tukaipumzisha. Baba alimwambia kwamba hata madereva wa Safari Rally, yale mashindano yaliyoanza mwaka 1953, huchagua matairi na springi kwa ardhi watakayopita, na dereva wa njia ya mawe akipelekwa kwenye lami na gari lilelile atashindwa. Mtoto akawa anakwenda shuleni na maneno hayo.

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa akija kuswali alasiri, alilichukua gari siku moja akalipapasa tairi. Akasema kwa Kiborana, tukatafsiriwa, kwamba huu ni mguu wa kinyume na wa ngamia. Ngamia wayo wake ni mpana, laini, hutandaa juu ya mchanga bila ya kuchimba, lakini mvua ikinyesha juu ya udongo mtupu huteleza hata miguu ikaachana, ndiyo maana mchungaji mwenye akili hamwondoi mpaka udongo ukauke. Kiarabu wayo ule huitwa khuff, na kwa jina hilohilo ngamia ametajwa katika hadithi ya Abu Huraira inayowekea mipaka zawadi za mashindano: ni katika mshale, ngamia au farasi. Tulipomsikia mzee tukaikumbuka hadithi. Tukaikumbuka kwa sababu ya wayo, wala haikutupitikia hukumu yake. Na hukumu yake ilikuwa mbele ya macho yetu.

Baada ya swala ya Magharibi, siku ya Alhamisi, alikuja mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Alisimama nje ya mlango, akatoa salamu, akakataa kukaa. Akasema, "Sheikh, mimi sikuja kugombana. Mwanangu nilimpa shilingi 200 za maziwa ampelekee mwenye duka, deni la unga. Pesa zimeishia madrasa."

Tukadhani hatukusikia vyema. Akarudia neno lile, madrasa.

Tulipouliza, mambo yakafunuka upesi. Vijana wa miaka 14 na 15 walikuwa wakiweka shilingi, wengine 20, wengine 50, juu ya ni mizunguko mingapi gari litakwenda bila ya kupinduka. Aliyepatia alikusanya. Kadiri gari lilivyozidi kutengenezwa ndivyo makisio yalivyozidi kuwa matamu. Na mjukuu wetu? Yeye hakuweka kitu. Yeye alichukua shilingi 10 kila mchezo, kodi ya gari.

Hapa ndipo tunapotakiwa kusema ukweli kwa wasomaji wetu, na si wepesi kuusema. Tuliziona zile sarafu. Tulikuwa chini ya kivuli kilekile, tuna kitabu mapajani, na mara mbili tuliona mikono ikipishana na sarafu. Tukajiambia ni za peremende. Sura ya al-Maida imeiweka kamari bega kwa bega na ulevi, nasi tumeisomesha aya hiyo miaka 30. Lakini jicho lililofurahishwa na gari halikutaka kuona. Watoto wale walicheza kamari juu ya sakafu ya madrasa, mwalimu wao akiwatazama.

Usiku ule tuliwaita wote mbele ya wazazi wao. Katika zile 200, zilipatikana 140. Zilizobaki zilikuwa biskuti na soda, na zimekwisha kuliwa. Mjukuu wetu alitoa kodi yake yote, ikawa 50, nasi tukatimiza 10. Mama yule akazipokea, akazihesabu, akasema, "Allah awalipe," na akaondoka. Deni la unga likalipwa asubuhi yake. Jambo hilo likaisha.

Lakini sisi hatukuishia hapo. Kwa hasira, na kwa haya zaidi kuliko hasira, tulilichukua gari, rimoti na betri, tukavifungia kabatini na kuutia ufunguo mfukoni. Tukatangaza baada ya Isha kwamba kigari hakitaonekana tena. Watu walituunga mkono. Tulilala tukijiona tumefanya jambo la dini.

Siku ya pili baba alipiga simu. "Leo mara ngapi?" Mtoto akasema, "Sikucheza." "Kwa nini?" Akanyamaza. "Umesoma?" Ndiyo. "Umekula?" Ndiyo. "Mpe mama." Siku ya tatu ikawa hivyohivyo. Siku ya nne mtoto alisema ana usingizi.

Siku ya tano binti yetu alituletea chai, akakaa chini badala ya kuondoka. Tunamjua tangu utotoni. Akikaa chini namna ile ana jambo. Akasema, "Baba, ulichofunga si gari. Umefunga ile simu." Tukamjibu kwa ilimu. Tukamweleza hadithi ya Abu Huraira, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi mali haiwekwi katika shindano la michezo isiyokuwa na manufaa ya wazi, na kwamba wote wawili wakitoa mali achukue mshindi, hiyo ndiyo kamari yenyewe. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa adabu, "Na Bibi Aisha alipokimbizana na Mtume, aliweka pesa?"

Wasomaji wanaijua hadithi, imo katika Abu Daud: walikimbizana kwa miguu safarini, Bibi Aisha akamshinda, na baadaye walipokimbizana tena Mtume, sala na salamu zimshukie, akamshinda yeye na kumtania kwamba hii ni kwa ile. Imo pia habari ya farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa za vitambaa. Mtume alimuuliza farasi gani ana mbawa, akamjibu kwa farasi wa Nabii Suleiman, naye akacheka mpaka magego yakaonekana. Hizi ndizo hadithi tunazowasomea maharusi. Binti yetu alizisikia kwetu, na sasa alikuwa akizirudisha kwa mwenyewe.

Tuliinywa chai ikaisha. Ukweli ni kwamba haramu ilikuwa katika sarafu, na sarafu tulizinyamazia. Gari, lisilokuwa na kosa, ndilo tulilolifunga. Na tulilifunga ili watu waone tumefunga.

Baada ya alasiri tulilifungua kabati mbele ya watoto wote. Tukawaambia yale tuliyowaambia wasomaji hapa juu, kwamba tuliona na tukanyamaza. Hawakuamini masikio yao. Mmoja alicheka akanyamazishwa na mwenzake. Sharti zikawa chache. Hakuna sarafu uwanjani, hata ya peremende. Gari hutoka baada ya darasa la Qur'ani. Anayetaka kulijaribu hulijaribu bure, kwa zamu, na yule mtoto wa muuza maziwa akawa wa kwanza. Mikono yake ilitetemeka, gari likaenda taratibu kama kobe, mizunguko sita, wala halikupinduka.

Usiku simu ilipolia mtoto aliikimbilia kabla ya mama yake. Akayaonyesha matairi, vijino vilikuwa vimekwisha kabisa, mpira umekuwa laini kama kichwa cha mzee. Baba akasema, kwa saruji si vibaya, tairi lisilo na meno hukaa vyema kuliko lenye meno, ila sasa mpira umekuwa mwembamba, atatuma mapya, ya barabarani hasa, akipata msafiri.

Mtoto akasema, "Aabo, usimpe msafiri. Yalete wewe."

Upande wa pili ukanyamaza. Tulisikia mlio wa gereji, chuma kikigonga chuma. Halafu mkwe wetu akaanza kusema juu ya likizo, na juu ya tajiri wake, na juu ya nauli, akayaacha yote katikati. Binti yetu akaichukua simu kutoka mkononi mwa mtoto, akatoka nayo uani, na akaurudisha mlango nyuma yake.